TUMEFIKA WAPI?
Somo la kupima maendeleo ya kazi ya kijiji na kuongoza mabadiliko

Ukipanda basi kutoka Kibondo kwenda Kasulu, unajuaje kwamba safari inaendelea? Huangalii nauli uliyolipa. Nauli hulipwa mara moja, hata kama basi litaharibika njiani. Unachoangalia ni vijiji unavyovipita. Ukifika Makere unajua kwamba Kasulu haiko mbali. Ukiona jua linatua na Makere hujaiona, unajua kuna jambo.

Kazi ya kijiji ni kama safari hiyo. Inaweza kuwa kujenga darasa, kuchimba kisima, kupanda miti au kutengeneza barabara. Kazi hiyo ina mahali ilipoanzia na mahali inapokwenda. Katikati kuna vituo. Asiyehesabu vituo hajui amefika wapi.

Katika somo hili tutajifunza mambo mawili. La kwanza ni kupima maendeleo ya kazi tuliyoipanga. La pili ni kuongoza mabadiliko yanapotokea, ili yasije yakatuongoza sisi. Soma polepole. Ukimaliza kila sehemu, simama na ujadiliane na wenzako.

1. KISOMO CHENYEWE KILIPIMWA

Tuanze na kazi unayoijua vizuri, yaani kisomo.

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Tanzania Bara, karibu 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 lengo liliwekwa: hadi mwisho wa mwaka 1975 ujinga wa kutojua kusoma uwe umefutwa. Hilo lilikuwa lengo kubwa, na muda wake ulikuwa mfupi.

Mwaka 1975 watu hawakukaa na kukisia kwamba kazi imekwisha. Ulifanyika mtihani nchi nzima. Matokeo yalionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, bado 39 hawakujua kusoma. Kwa hiyo lengo lilikuwa halijafikiwa. Lakini idadi ya wasiojua ilikuwa imeshuka kutoka 67 hadi 39, na hatua hiyo ni kubwa.

Kipimo hicho kilisaidia nini? Kilisema ukweli wa pande mbili: kazi imeendelea, na kazi haijakwisha. Madarasa hayakufungwa. Mtihani ulirudiwa mwaka 1977, na wasiojua walikuwa 27 katika 100. Mwaka 1981 walikuwa 21. Mwaka 1983 walikuwa 15. Mwaka 1986 walibaki karibu 10.

Angalia namba hizo tena: 67, 39, 27, 21, 15, 10. Hizo ni vituo vya safari. Kama mwaka 1975 viongozi wangesema "tumefaulu" bila kupima, watu wengi wangeachwa njiani. Na kama wangesema "tumeshindwa, tuache," wangeachwa vilevile. Kupima kulisaidia kazi iendelee.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kipimo si adhabu. Kipimo ni taa. Taa haimgombezi mtu. Humwonyesha shimo liko wapi.

2. KIJIJI CHA MFANO

Sasa tuchukue mfano wa kijiji kimoja cha wilaya ya Kibondo. Kijiji hiki ni cha kufikiria tu, usikitafute. Lakini mambo yake utayatambua.

Tuseme kijiji hiki kina kaya 280. Watoto wa darasa la kwanza na la pili wanasomea chini ya mwembe. Mvua ikinyesha wanarudi nyumbani. Wazazi wamekutana katika Mkutano Mkuu wa Kijiji na kuamua kujenga vyumba viwili vya madarasa. Wananchi watajenga boma mpaka kwenye lenta. Halmashauri ya Wilaya imekubali kuleta mabati 90 na mbao boma likifika kwenye lenta.

Mkutano ukakubaliana hivi:

Kila kaya itatoa matofali 50 ya kuchoma. Kaya 280 mara matofali 50 ni matofali 14,000.

Kila kaya itatoa shilingi 10,000. Kaya 280 mara shilingi 10,000 ni shilingi 2,800,000.

Fedha hizo zitatumika hivi:
Saruji mifuko 85, kila mfuko shilingi 20,000: shilingi 1,700,000
Nondo na waya: shilingi 300,000
Malipo ya fundi: shilingi 800,000
Jumla: shilingi 2,800,000

Saruji nayo ikagawanywa:
Msingi: mifuko 30
Kuta: mifuko 25
Lenta: mifuko 30
Jumla: mifuko 85

Mawe, mchanga na maji wananchi watasomba wenyewe.

Kisha wakapanga wakati. Katika nyanda hizi za juu za Kigoma, mvua huanza mwezi Oktoba au Novemba. Kila mtu anajua kwamba ukuta usio na paa ukinyeshewa miezi mingi huharibika. Kwa hiyo walipanga hivi:

Mei na Juni: kufyatua na kuchoma matofali
Julai: kuchimba na kujenga msingi
Agosti: kujenga kuta
Septemba: kufunga lenta
Oktoba: kuezeka

Mpango huu ni mzuri. Una mambo manne: kazi yenyewe, kiasi chake, gharama yake na tarehe yake. Mpango usio na mambo hayo manne huwezi kuupima. Ukisema tu "tutajenga darasa mwaka huu," utapima nini mwezi Julai?

3. DAFTARI LA KAZI

Kijiji kilichagua Kamati ya Ujenzi. Kazi ya kutunza stoo na daftari alipewa mama mmoja aliyejifunza kusoma katika darasa la kisomo. Wengine walinong'ona, "Huyu ameanza kuandika juzi tu." Yeye hakujibu. Alinunua daftari, akachora mistari, akaandika vichwa hivi juu:

Tarehe
Kazi iliyopangwa
Kazi iliyofanyika
Pungufu
Sababu
Tutafanya nini

Kila Jumamosi jioni alikwenda mwenyewe kwenye tanuri na kwenye kiwanja. Alihesabu kwa macho yake, kisha akaandika. Hakuuliza watu na kuandika waliyosema tu. Hilo ni jambo la kwanza la kukumbuka: hesabu kilichopo, usihesabu kilichosemwa.

Jambo la pili: pima kazi, usipime fedha peke yake. Fedha iliyotumika si kazi iliyofanyika. Mtu anaweza kusema, "Tumekwisha kutumia nusu ya fedha, kwa hiyo tumefika nusu ya kazi." Hiyo si kweli. Ni kama yule abiria anayetazama nauli badala ya kutazama njia. Andika vyote viwili na uvilinganishe. Fedha ikitangulia mbele na kazi ikibaki nyuma, simama uulize.

Jambo la tatu: pima mara kwa mara. Ukipima kila wiki, kosa utakalolikuta ni la wiki moja. Ukipima mwisho wa mwaka, utakuta kosa la mwaka mzima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. MATOFALI YALIPOPUNGUA

Mwisho wa mwezi Juni mama huyu aliandika hivi:

Kazi iliyopangwa: matofali 14,000
Kazi iliyofanyika: matofali 9,800
Pungufu: matofali 4,200

Kazi ilikuwa imefika sehemu 7 katika sehemu 10. Alipotazama orodha ya kaya aliona kwamba kaya 84 hazijaleta hata tofali moja. Kaya 84 mara matofali 50 ni matofali 4,200. Hesabu ikakubali.

Kamati ilipokutana, mjumbe mmoja alisema, "Hao ni wavivu. Wapelekwe kwa Mtendaji wakatozwe faini."

Mama akasema, "Ndugu Mwenyekiti, katika daftari bado sijajaza nafasi ya sababu. Naomba tuijaze kwanza, ndipo tuseme faini."

Wakaenda kuuliza. Kaya zote 84 zilikuwa za kitongoji kimoja cha mlimani. Kijito chao kilikauka mapema mwaka ule. Bila maji hakuna udongo wa kufyatulia. Maji ya kunywa yenyewe akina mama waliyafuata mbali. Lakini mlimani huko kulikuwa na mawe mengi mazuri, na mawe yalihitajika kwa msingi.

Basi Kamati ikapeleka shauri katika mkutano wa kijiji. Wakakubaliana kubadilishana. Kaya 84 za mlimani zitasomba mawe yote ya msingi na mchanga. Kaya 196 za bondeni, zilizo karibu na maji, zitapunguziwa kazi ya mawe na mchanga, lakini kila moja itaongeza matofali 22. Kaya 196 mara matofali 22 ni matofali 4,312. Hayo yanatosha kuziba pengo, na yanabaki 112 ya akiba kwa yatakayovunjika.

Mama akaandika badiliko hilo katika daftari. Aliandika tarehe, sababu, na nani atafanya nini. Mwenyekiti na Mtendaji wakaweka sahihi.

Umeona? Kipimo kilionyesha pungufu. Pungufu likafanya watu waulize sababu. Sababu ikaonyesha njia. Kama wangekimbilia faini, wangepata ugomvi na matofali wasingeyapata.

5. OFISI ILIYOZALIWA NJIANI

Mwisho wa mwezi Julai msingi ulikamilika. Mama akahesabu saruji katika stoo:

Iliyonunuliwa: mifuko 85
Inayotakiwa kubaki baada ya msingi: mifuko 55
Iliyobaki: mifuko 48
Pungufu: mifuko 7

Alihesabu mara ya pili. Bado ni 48. Alitetemeka kidogo, maana ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye. Akafungua daftari la kutoa vifaa. Kila mfuko uliotoka ulikuwa na tarehe na dole gumba au sahihi ya aliyeuchukua. Mifuko 37 ilikuwa imetoka, na yote ilichukuliwa na fundi. Basi akaenda kwenye kiwanja.

Akamkuta fundi, akamwuliza, "Fundi, mpango wetu ulisema msingi mifuko 30. Mbona imekwenda 37?"

Fundi akamwonyesha. Pembeni mwa msingi wa vyumba viwili kulikuwa na msingi wa chumba cha tatu, kidogo. "Hii ni ofisi ya walimu," akasema. "Niliambiwa niiongeze."

"Uliambiwa na nani?"

"Mwalimu Mkuu alimwomba Mwenyekiti. Mwenyekiti akapita hapa asubuhi, akasema sawa."

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Je, kuna mtu aliyeiba? Hapana. Je, ofisi ya walimu ni kitu kibaya? Hapana. Walimu walikuwa wanasahihisha madaftari kwenye baraza. Kila mmoja alikuwa na nia njema. Hata hivyo kazi ilikuwa imeingia katika hatari. Kwa nini? Kwa sababu badiliko lilipita njiani kwa mdomo. Halikuandikwa, halikuhesabiwa, wala mkutano haukulijua.

Mama hakupiga kelele. Alikaa na fundi, wakahesabu ofisi hiyo itadai nini mpaka kwenye lenta:

Matofali 3,000
Saruji mifuko 20: shilingi 400,000
Nondo: shilingi 50,000
Fundi: shilingi 150,000
Jumla ya fedha: shilingi 600,000
Muda: wiki 3 zaidi

Na juu ya hayo, ofisi itataka mabati 16 zaidi. Halmashauri ya Wilaya iliahidi mabati 90, yaani ya vyumba viwili tu.

Wiki tatu! Mama akatazama ratiba. Lenta ilikuwa ifungwe Septemba. Ukiongeza wiki tatu, kuezeka kutasogea hadi Novemba, na Novemba mvua imekwisha kuja.

Katika mkutano wa kijiji akaomba kusema. "Ndugu Mwenyekiti, naomba kusoma."

"Soma, mama," Mwenyekiti akajibu.

Akasoma yote, namba kwa namba, pole pole, kidole kikiwa chini ya mstari. Mkutano ulikuwa kimya. Alipomaliza, mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo kila kaya idaiwe kiasi gani kama tunaitaka ofisi?"

"Mzee, kila kaya itaongeza shilingi 2,200 na matofali 11. Na mvua itatukuta."

Mwenyekiti akasimama. Akasema, "Ndugu zangu, ni mimi niliyemwambia fundi sawa. Niliona ni jambo dogo. Sikuhesabu. Mnisamehe. Tuamue sasa kwa pamoja."

Mkutano ukawekewa njia tatu:

Njia ya kwanza: kujenga ofisi sasa, kuongeza michango, na kukubali hatari ya mvua.
Njia ya pili: kusimamisha ofisi kwenye msingi, kumaliza madarasa, na kujenga ofisi mwaka unaofuata kwa mpango wake.
Njia ya tatu: kuendelea bila kuongeza kitu na kuomba Mungu.

Njia ya tatu wengi huifuata bila kuitaja. Ndiyo inayozaa maboma tunayoyaona yamesimama miaka mingi bila paa, majani yakiota juu ya kuta.

Mkutano ulichagua njia ya pili. Msingi wa ofisi ukafunikwa kwa majani na udongo. Ikabaki kulipa mifuko 7 iliyokwisha kutumika. Mifuko 7 mara shilingi 20,000 ni shilingi 140,000. Ukigawa kwa kaya 280, kila kaya ni shilingi 500. Watu wakatoa siku ile ile, maana kila mmoja alijua anatoa kwa sababu gani.

6. MASWALI MATANO KABLA YA KUBADILI MPANGO

Mpango si jiwe. Mambo hubadilika: bei hupanda, kijito hukauka, fundi huugua, wazo zuri huzaliwa. Asiyekubali badiliko lolote atavunja kazi yake. Na anayekubali kila badiliko hatamaliza kazi. Dawa yake ni kuuliza maswali matano:

Kwanza: Tunataka kubadili nini hasa, na kwa sababu gani?
Pili: Litaongeza au kupunguza gharama kiasi gani? Fedha hizo zitatoka wapi?
Tatu: Litaongeza siku ngapi? Siku hizo zinagusa mvua, kilimo au mavuno?
Nne: Litagusa kazi gani nyingine? Katika mfano wetu, saruji ya lenta ndiyo iliyoliwa na msingi wa ofisi.
Tano: Nani mwenye madaraka ya kulikubali?

Majibu yakipatikana, badiliko liandikwe, litiwe sahihi, na fundi apewe kwa maandishi. Fundi naye akumbuke: asiongeze tofali kwa neno la njiani, hata kama anayesema ni mkubwa. Aseme kwa heshima, "Mzee, naomba niletewe karatasi ya Kamati." Karatasi hiyo humlinda fundi, kiongozi na mwananchi.

7. MIFANO MIWILI MIKUBWA

Labda utafikiri kwamba makosa haya ni ya vijijini, kwa watu wasio na elimu kubwa. Sivyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika ili kupata mafuta ya kula. Mpango ulitungwa mwaka 1946. Ulisema zitalimwa ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya karibu pauni milioni 25. Kazi ilianza mwaka 1947. Mashamba yalikuwa Kongwa, Nachingwea, na Urambo iliyo karibu na reli iendayo Kigoma.

Mwaka wa kwanza walipanga kulima ekari 150,000. Ekari zilizosafishwa mwaka huo hazikufika 10,000. Matrekta mengi yalikuwa mabovu, yaliyobaki kutoka vitani. Bandari na reli hazikuweza kubeba mizigo yote. Ardhi ya Kongwa ilipokauka iligeuka ngumu kama saruji, na mvua zake hazikutosha. Mambo hayo yangejulikana mapema kama wangejaribu kwanza kwa shamba dogo na kuwauliza wenyeji.

Kipimo cha mwaka wa kwanza kilipiga kelele, lakini fedha ziliendelea kumwagwa. Lengo lilipunguzwa mwaka 1949, nalo halikuokoa kitu. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule. Hasara ilikuwa karibu pauni milioni 36. Watu wenye elimu kubwa walikuwa wengi katika kazi ile. Kilichokosekana ni kukubali namba zinasema nini, na kubadili mpango mapema.

Mfano wa pili ni reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Urefu wake ni kilomita 1,860. Ilijengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina, na kazi ilianza mwaka 1970. Reli hiyo ilijengwa kipande kwa kipande. Mwaka 1971 ilifika Mlimba. Baada ya hapo ilipita katika milima na mabonde mpaka Makambako, sehemu ngumu kuliko zote, yenye madaraja na mahandaki mengi. Mwaka 1973 ikavuka mpaka Tunduma. Mwaka 1975 ikafika Kapiri Mposhi, kabla ya muda uliopangwa. Mwaka 1976 ilikabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia.

Mlimba, Makambako, Tunduma, Kapiri Mposhi: tazama, hivyo ni vituo. Kazi kubwa ikigawanywa katika vituo, kila mtu anaweza kusema tumefika wapi.

8. HAKI YAKO NA WAJIBU WAKO

Kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ndio wenye madaraka ya juu kijijini. Hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Taarifa hiyo hubandikwa pia kwenye ubao wa matangazo, ili kila mtu aione.

Sasa wewe unajua kusoma. Usipite mbele ya ubao huo kama zamani. Simama usome. Ukiwa mkutanoni, uliza kwa heshima: Tulipanga nini? Kimefanyika nini? Kimepungua nini? Sababu ni nini? Tutafanya nini? Kuuliza hivyo si ukorofi. Ni jasho lako unaloliuliza. Matofali yale 50 uliyafyatua wewe, na mtoto anayerudishwa na mvua ni wako.

Wajibu wako nao ni huu: toa mchango wako kwa wakati, dai stakabadhi, na ukipewa daftari, andika ukweli. Mali bila daftari hupotea bila habari.

KUMBUKA

Panga kazi, kiasi, gharama na tarehe.
Hesabu kilichopo, usihesabu kilichosemwa.
Fedha iliyotumika si kazi iliyofanyika.
Tafuta sababu kabla ya kutafuta wa kulaumiwa.
Badiliko lihesabiwe, likubaliwe, liandikwe.

MANENO YA KUJIFUNZA

Boma: kuta za jengo ambalo halijaezekwa.
Lenta: mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha.
Pungufu: kiasi kinachokosekana ukilinganisha na mpango.
Ratiba: orodha ya kazi na wakati wake.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba umelipa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mtihani wa kisomo wa mwaka 1975 haukuwa aibu, ingawa lengo halikufikiwa?
2. Mjumbe mmoja alitaka kaya 84 zitozwe faini. Wewe ungesema nini?
3. Mwenyekiti alikosea wapi kuhusu ofisi ya walimu? Alirekebisha vipi kosa lake?
4. Kama ungekuwa katika mkutano ule, ungechagua njia gani kati ya tatu? Eleza sababu.
5. Katika kijiji chenu kuna kazi iliyosimama njiani? Ilisimama katika kituo gani, na kwa sababu gani?

ZOEZI

Kikundi cha wafuga nyuki kilipanga kutundika mizinga 60 kwa wiki 6, yaani mizinga 10 kila wiki. Mwisho wa wiki ya 4 mizinga iliyotundikwa ni 28.

(a) Mwisho wa wiki ya 4 ilitakiwa iwe mizinga mingapi?
(b) Pungufu ni mizinga mingapi?
(c) Ili kumaliza kwa wakati, kila wiki iliyobaki watundike mizinga mingapi?
(d) Mwanakikundi mmoja anataka mizinga iongezwe hadi 80. Mwulize yale maswali matano, kisha uandike majibu katika daftari lako.

Majibu: (a) 40. (b) 12. (c) 16.

Jibu la (d) halimo katika kitabu hiki. Mlipate ninyi wenyewe mkiwa mmekaa pamoja, na mmoja wenu aliandike.